Saa Iliyosingiziwa: Somo Kutoka Dashibodi ya Gari la Spoti

Nchini Marekani wako watu wengi wanaotunza magari ya spoti ya zamani kama vile wenyeji wa pwani wanavyotunza milango ya nakshi. Gari mojawapo lipendwalo sana ni Chevrolet Corvette Sting Ray, la matoleo ya mwaka 1963 hadi 1967. Mwenye gari hilo hufumua injini yote, hupiga rangi upya, hubadili ngozi ya viti, na hufufua kila kipimo kilicho mbele ya dereva. Kazi inapokwisha, gari hunguruma kama simba. Lakini katikati ya dashibodi, juu ya redio, iko saa ndogo ya duara. Na mara nyingi saa hiyo ama imekufa, ama inachelewa dakika 5 kila siku. Hapo ndipo hukumu inapotolewa: saa hii haishiki majira, ni mbovu, na itupwe.

Hukumu hiyo ni nyepesi kutamkwa, nayo husikika kila mahali palipo na magari ya zamani. Hata hivyo si ya haki. Saa ya dashibodi, hata ile inayochelewa dakika 5 kwa siku, kwa kawaida ndiyo chombo chenye usahihi kuliko vyote vilivyo mbele ya dereva. Kinachoiponza si ukubwa wa kosa lake, bali ni kwamba kosa lake huonekana. Jambo hili likieleweka vema, namna ya kuitengeneza saa hiyo hubadilika, na hubadilika pia namna ya kuvitazama vyombo vya kupimia vilivyomo katika maabara za shule.

Jinsi saa ya gari inavyokwenda

Saa nyingi za magari ya miaka ya 1950 na 1960 hazikuendeshwa na umeme moja kwa moja. Ndani yake mlikuwa na saa ya kawaida ya kamani, yenye gurudumu la mizani ambalo huzunguka kidogo huku na kurudi huku, likigawa muda katika vipande vilivyo sawa. Kazi ya umeme wa betri ilikuwa moja tu, yaani kuitia saa ufunguo. Kamani yake kuu ni fupi, nayo hulegea baada ya dakika moja au mbili. Inapolegea, pointi mbili za chuma hugusana, umeme hupita katika koili ya sumaku-umeme, na sumaku hiyo hurusha mkono mdogo unaoikaza kamani upya. Mkono unaporuka, pointi huachana, umeme hukatika, na saa huendelea na safari yake. Mtu akikaa kimya ndani ya gari lililozimwa, husikia mlio mdogo wa ghafla kila baada ya muda. Huo ndio wakati saa inapojitia ufunguo.

Mpango huo ni wa werevu, lakini una maadui wanne.

Adui wa kwanza ni cheche. Kila mara pointi zinapoachana, nguvu ya sumaku iliyokuwamo ndani ya koili huvunjika ghafla na kuusukuma umeme uruke pengo lililopo kati ya pointi. Cheche moja haina madhara makubwa. Lakini saa inayojikaza kila baada ya dakika 2 hufanya hivyo mara 720 kwa siku, na zaidi ya mara 260,000 kwa mwaka. Pointi huchomeka, huchimbika na kushika masizi, mpaka siku moja zikagusana bila kupitisha umeme.

Adui wa pili ni betri dhaifu. Umeme ukipungua, sumaku hukosa nguvu ya kuurusha mkono. Pointi hubaki zimegusana, umeme hupita mfululizo, na koili huungua. Ndiyo sababu gari lililofungiwa bandani kwa miezi mingi, betri yake ikififia polepole, huweza kuiua saa yake hata kama halikusogea hatua moja.

Adui wa tatu ni mafuta. Tone la mafuta lililotiwa na fundi kiwandani hukauka kwa miaka, hushika vumbi, na mwisho huwa kama gundi kwenye ncha za mihimili. Gurudumu la mizani hupoteza wepesi wake.

Adui wa nne ni joto. Gurudumu la mizani huongozwa na kamani nyembamba kama unywele, na kamani hiyo hupungua nguvu inapopata joto. Ikiwa imetengenezwa kwa feleji ya kawaida, saa huchelewa karibu sekunde 10 kwa siku kwa kila digrii moja ya Selsiasi inayoongezeka. Kwa hiyo ongezeko la digrii 30, likidumu siku nzima, latosha kuichelewesha saa kwa dakika 5. Tatizo hili liliwasumbua mafundi saa kwa muda mrefu. Mwanafizikia wa Uswisi, Charles Édouard Guillaume, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920 kwa uchunguzi wake wa aloi za chuma na nikeli, ambazo zilifungua njia ya kupata kamani zisizoyumbishwa sana na joto.

Hesabu ya kosa

Sasa yafaa kulipima kosa lenyewe badala ya kulilalamikia. Siku moja ina sekunde 86,400. Dakika 5 ni sekunde 300. Ukigawa 300 kwa 86,400, jibu ni 0.0035, yaani asilimia 0.35. Hilo ndilo kosa la saa iliyoitwa mbovu. Rula ya sentimita 30 iliyo fupi kwa milimita 1 ina kosa la kiasi hicho hicho, na hakuna mwanafunzi atakayeitupa rula hiyo kwa hasira.

Msomaji na ailinganishe saa hiyo na jirani yake, spidomita. Kanuni namba 39 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, inayotumiwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, hairuhusu spidomita kuonyesha mwendo ulio pungufu ya mwendo halisi. Lakini inairuhusu kuzidisha kwa sehemu moja ya kumi ya mwendo halisi na kilomita 4 kwa saa juu yake. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa laweza, kwa mujibu wa kanuni hiyo, kuonyesha kilomita 114, na kipimo kikahesabiwa kuwa kizima. Hilo ni kosa la asilimia 14, yaani mara 40 ya kosa la saa. Kipimo cha petroli nacho hupanda na kushuka kwa kadiri gari linavyoinama mlimani. Wala hakuna dereva anayetokwa na jasho.

Kwa nini basi ni saa peke yake inayoitwa mwongo? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kosa la saa hujilimbikiza. Spidomita ikikosea leo asubuhi, kosa hilo halibebwi hadi jioni. Gari likisimama, mshale hurudi sifuri na mambo huanza upya. Saa haina mahali pa kuanzia upya. Dakika 5 za Jumatatu huongezwa juu ya dakika 5 za Jumanne, na baada ya siku 12 kosa dogo limekuwa saa nzima. Sababu ya pili ni kwamba mashahidi wa saa ni wengi. Kila mtu amevaa saa mkononi au amebeba simu mfukoni, na redio hutangaza saa kamili mchana na usiku. Ni nani anayebeba mfukoni kipimo cha pili cha mwendo wa gari?

Kwa hakika, saa hulaumiwa kwa sababu ndiyo chombo pekee ambacho watu hukihoji. Vyombo vingine huaminiwa, si kwa kuwa vimethibitishwa, bali kwa kuwa havijaulizwa.

Kosa la kudumu na kosa la kuhamahama

Fundi stadi hamwulizi mwenye gari, "Saa yako inakosea?" Kila saa hukosea. Humwuliza, "Inakoseaje?" Tofauti ya maswali hayo mawili ni kubwa.

Chukulia saa mbili zilizotiwa majira kwa redio Jumapili jioni, kisha zikakaguliwa kila siku saa ile ile kwa muda wa siku 7. Saa ya kwanza inachelewa dakika 5 kila siku bila kubadilika. Saa ya pili inakwenda mbele dakika 3 siku ya kwanza, inachelewa dakika 8 siku ya pili, inachelewa dakika 1 siku ya tatu, inakwenda mbele dakika 9 siku ya nne, inachelewa dakika 6 siku ya tano, kisha inakwenda mbele dakika 2 na dakika 1 katika siku mbili za mwisho. Mwisho wa juma saa ya kwanza imekosea dakika 35. Saa ya pili, kwa bahati, imerudi kwenye majira barabara: jumla ya makosa yake ni sifuri.

Mtu asiyejua atasema saa ya pili ndiyo nzima. Lakini ya kwanza ndiyo inayoweza kuaminiwa, maana kosa lake linajulikana tangu leo hata kesho. Kinachotakiwa ni kukisogeza kidhibiti chake kidogo tu kuelekea upande wa kwenda mbele. Ya pili haina tiba ya kidhibiti. Kuhamahama kwake ni dalili ya uchafu, ya mafuta yaliyoganda, ya mhimili uliochakaa, au ya pointi zinazogusana vibaya.

Wasemaji wa Kiswahili wana mfano bora wa jambo hili, nao huutumia kila siku bila kuufikiri. Mshale mfupi wa saa ukiwa kwenye 1, Mswahili husema saa saba. Ukiwa kwenye 9, husema saa tatu. Kati ya kile anachokiona na kile anachokitamka mna tofauti ya saa 6 nzima, na hakuna mtu aliyewahi kukosa basi kwa ajili hiyo. Kwa nini? Kwa sababu tofauti hiyo ni ya kudumu na inajulikana na wote. Kosa linalojulikana si kosa tena. Ni hesabu ya kutoa na kujumlisha.

Mabaharia waliling'amua jambo hili zamani. Saa maarufu ya baharini ya Mwingereza John Harrison, iitwayo H4, ilisafirishwa kwenda Jamaika mwaka 1761 ili ijaribiwe. Ilipofika, mwaka 1762, hitilafu iliyohesabiwa ilikuwa karibu sekunde 5 tu, baada ya kuondoa kiasi ambacho saa hiyo ilikuwa na kawaida ya kuchelewa kila siku. Wakubwa waliosimamia tuzo walipinga, wakisema kiasi hicho hakikutangazwa kabla ya safari. Katika jaribio la pili, la kwenda Barbados mwaka 1764, kilitangazwa mapema, na saa ikajithibitisha. Mabaharia hawakudai saa isiyokosea. Walidai saa ambayo kosa lake limeandikwa daftarini kabla ya kung'oa nanga.

Afrika Mashariki nayo imeona thamani ya dakika katika mashindano ya magari. Katika East African Safari Rally ya mwaka 1973, ambayo kuchelewa vituoni kulihesabiwa kuwa alama za adhabu, Shekhar Mehta wa Kenya akiendesha gari la spoti aina ya Datsun 240Z alimaliza akiwa sawa kwa alama na Harry Källström wa Sweden. Ilibidi utumike utaratibu wa kuvunja sare ndipo Mehta akatangazwa mshindi. Katika mashindano ya namna hiyo msaidizi wa dereva hatupi jicho tu kwenye saa ya kawaida ya dashibodi. Hutumia saa maalumu na stopwachi, kama zile zilizotengenezwa na kampuni ya Heuer ya Uswisi kwa ajili ya magari, naye huzilinganisha na saa rasmi ya waandaaji. Hata kama saa rasmi ingekuwa na kosa, hiyo ndiyo itakayotoa hukumu. Usahihi daima ni ulinganifu na kipimo kilichokubaliwa.

Kutengeneza au kubadilisha

Hapa ndipo ugomvi mkubwa ulipo miongoni mwa wapenzi wa magari ya zamani. Kundi moja hutaka saa ifunguliwe, isafishwe na kurudishiwa mwendo wake wa asili. Kundi la pili hutaka matumbo yake yote yatolewe na mahali pake pawekwe mtambo wa kwatsi, huku uso na mishale ya zamani ikibaki ili macho yasigundue.

Kundi la pili lina hoja. Fuwele ya kwatsi iliyomo katika saa za siku hizi hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na saa ya namna hiyo kwa kawaida haikosei hata sekunde 1 kwa siku. Haina pointi za kuungua wala kamani ya kulegea. Tangu Seiko wa Japani walipoanza kuuza saa ya mkononi ya kwatsi, Desemba 1969, mashindano ya usahihi kati ya fuwele na gurudumu la mizani yamekwisha, na fuwele imeshinda. Anayetaka kujua saa tu, na achague fuwele.

Lakini mambo yaitwe kwa majina yake. Kutoa mtambo mmoja na kuweka mwingine ni kubadilisha, si kutengeneza. Fundi aliyebadilisha hakujua saa ilikuwa na ugonjwa gani, naye hakulazimika kujua. Ikiwa waya unaoleta umeme kutoka kwenye betri umelegea, hata mtambo mpya utasimama. Aidha, atakayelinunua gari hilo kesho ana haki ya kuambiwa kilichomo nyuma ya uso wa saa.

Kutengeneza kwa kweli huanza na uchunguzi, na dalili hutoa habari nyingi. Saa iliyokufa kabisa hutuma fundi kwenye umeme: betri, fyuzi, pointi na koili. Saa inayochelewa sawasawa kila siku humtuma kwenye kidhibiti. Saa inayohamahama humtuma kwenye usafi. Pointi husafishwa kwa uangalifu mpaka zing'ae. Mtambo huoshwa kwa benzini safi, mbali na moto. Kisha tone dogo kabisa la mafuta ya saa hutiwa kwenye ncha za mihimili peke yake. Ole wake anayenyunyiza mafuta ovyo! Yakiifikia kamani ya gurudumu la mizani, mizunguko yake hushikamana, kamani huwa kana kwamba imefupishwa, na saa hukimbia mbele kama imefukuzwa.

Tena liko jambo la kupendeza katika baadhi ya saa za magari ya Marekani za wakati ule. Mwenye gari alipousogeza mshale mbele kwa sababu saa ilichelewa, kidhibiti cha ndani nacho kilisogea kidogo ili mtambo uongeze mwendo. Alipourudisha nyuma, mtambo ulipunguza mwendo. Hivyo kila sahihisho lilikuwa funzo, na baada ya masahihisho kadhaa saa iliikaribia kweli. Hata hivyo saa ya namna hiyo ilikuwa na usahihi wa mwalimu wake tu. Mwenye gari aliyeisahihisha kwa kufuata saa nyingine iliyo mbovu aliifunza kukosea.

Maoni ya haki, basi, ni haya: saa ya gari la spoti isafishwe na kupimwa kabla ya kubadilishwa, nayo isidaiwe usahihi ambao haikuumbiwa. Gurudumu la mizani linalokosea dakika 2 kwa juma, na kukosea vivyo hivyo kila juma, limefanya kazi yake kwa heshima.

Somo kwa maabara ya shule

Mwanafunzi wa sekondari aweza kuuliza: gari la fahari la Marekani linanihusu nini? Linamhusu, kwa kuwa tabia ya mwenye gari hilo imo pia katika maabara. Ammita ambayo mshale wake hauanzi kwenye sifuri hutupwa kabatini na kuitwa mbovu, hali imekosea kwa kiasi kile kile kila siku na ingeweza kutumika kwa kutoa tofauti hiyo. Kwa upande mwingine, kipimajoto chenye kosa la digrii 2 huaminiwa mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyewahi kukitia katika barafu inayoyeyuka aone kama kitasoma sifuri. Kimoja kimeonewa na kingine kimependelewa, na asili ya makosa yote mawili ni moja: hakuna aliyepima.

Yafaa pia kuchunga hukumu ya haraka. Mwanafunzi wa Iringa, ambako mji upo kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, akichemsha maji ataona kipimajoto kikisoma karibu digrii 95, wala si 100. Kabla hajakiita kipimajoto mwongo, na akumbuke kwamba kanieneo ya hewa hupungua mlimani na maji huchemka mapema. Huenda chombo ndicho kinachosema kweli, na kitabu kinazungumzia mji wa pwani.

Zoezi lenyewe halihitaji fedha. Saa yoyote ya mishale iliyopo shuleni au nyumbani itiwe majira kwa redio, kisha kosa lake liandikwe kila siku saa ile ile kwa siku 14. Wanafunzi wachore grafu. Mstari ulionyooka utawaambia kwamba saa ina kosa la kudumu, na mwinamo wa mstari huo ndio kiasi cha kosa kwa siku. Mstari uliopindapinda utawaambia kwamba ndani mna ugonjwa. Kisha wahamie kwenye mizani, kwenye rula na kwenye ammita, na kila chombo kibandikwe karatasi ndogo yenye kosa lake na tarehe lilipopimwa.

Siku hiyo maabara itakuwa na vyombo vile vile ilivyokuwa navyo jana, vikuukuu na vyenye mikwaruzo, lakini majibu yatakayotoka humo yatakuwa na uzito mpya. Na saa ndogo ya dashibodi, iliyosingiziwa kwa miaka mingi, itakuwa imelipwa haki yake.